Saratani ya Titi na Dawa za Miti

Somo la leo ni la jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona.

Mwanamke anaoga. Anagusa titi lake, anakuta uvimbe mdogo, mgumu kama kokwa. Hauumi. Basi husema, "Nitangoja kwanza." Jirani humletea mizizi ya kuchemsha, naye hunywa mwezi mmoja, miwili, mitano. Ikiwa ni saratani, yenyewe haingoji. Husambaa kwapani, kisha yaweza kufika kwenye mifupa, mapafu au ini. Hapo kazi ya daktari huwa ngumu sana.

Msidhani naitukana miti. Hospitali nayo hutumia miti! Paklitakseli, dawa mojawapo ya saratani ya titi, ilitoka kwanza katika gome la mti wa Marekani. Gome lilikusanywa mwaka 1962. Ruhusa ya kutibu titi kwa dawa hiyo ilitolewa huko mwaka 1994. Miaka 32 ya kutenga dawa na gome, kutafuta kipimo, kuwajaribu wagonjwa na kuwahesabu. Mizizi ya chunguni haijapita njia hiyo.

Mwaka 2017 madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitoa hesabu ya wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa haijasambaa mbali. Kati ya wenye saratani ya titi waliotibiwa hospitali, karibu 87 katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka 5. Kati ya waliochagua tiba nyingine peke yake, ni 58. Yashikeni maneno hayo: peke yake. Maombi, au kukandwa mwili taratibu, huwatuliza wagonjwa wengi wala hakuzuii matibabu. Lakini dawa ya kunywa ni jambo jingine, maana miti mingine hupunguza nguvu ya dawa za hospitali au huizidisha. Daktari aambiwe, hata akikunja uso.

Wengi hukimbia kisu. Naielewa hofu hiyo. Lakini uvimbe mwingi wa titi si saratani, na hayupo awezaye kujua kwa kutazama tu; hutolewa kipande kidogo, kikapimwa.

Sasa andikeni: uvimbe, kwapa, gome, kipimo. Kisha mjadiliane: mama yenu akitaka kunywa mizizi tu, mtamwambiaje bila kumvunjia heshima?