Kiapo cha Mpeleka Samansi

Katika mashauri ya madai nchini Kenya, yaani yale yanayohusu deni, mkataba au fidia badala ya jinai, mtu anayedaiwa huitwa kwa samansi, hati ya mahakama inayomtaka ajitokeze katika muda usiopungua siku 10. Anayeifikisha ni mpeleka samansi aliyeidhinishwa na mahakama, ambaye akisharudi huapa kwa maandishi mbele ya kamishna wa viapo kwamba aliikabidhi. Kwa nguvu ya kiapo hicho, mdaiwa asipojitokeza mdai anaweza kupewa hukumu bila upande wa pili kusikizwa, na ndiyo maana uongo ulioandikwa humo hudhuru kuliko mwingi unaosemwa kizimbani, ambako walau yupo wakili wa kumhoji msemaji.

Amri ya 5 ya Kanuni za Utaratibu wa Madai za 2010 inataka samansi itiwe mkononi mwa mdaiwa inapowezekana. Akikosekana, apewe mtu mzima wa nyumbani mwake, au nakala ibandikwe mlangoni. Kiapo nacho kieleze saa, namna, na jina na anwani ya aliyemtambulisha mdaiwa, iwapo yupo. Kanuni hizi zinamfaa mwenye namba ya nyumba. Huko Gatwekera au Laini Saba katika Kibera, na Gatina au Congo katika Kawangware, jijini Nairobi, anwani ni maelezo tu: nyuma ya kinyozi, ploti ya geti la bluu, mlango wa tatu kabla ya choo; wapangaji wa vyumba vya futi 10 kwa 10 huhama mwezi ukiisha, na geti hupakwa rangi nyingine. Kwa hiyo kiapo kisemacho kwamba mdaiwa alionyeshwa na jirani, akapokea samansi lakini akakataa kutia sahihi, huenda ni kweli tupu, huenda samansi ilipewa mtu mwingine, au huenda maneno yote yalitungwa juu ya kikombe cha chai mjini pasipo mtu kupanda matatu ya 46 iendayo Kawangware. Karatasini yanasomeka vilevile.

Aliyetungiwa kiapo cha namna hiyo huenda asijue ana kesi mpaka siku anapobisha dalali aliyekuja kukamata mali yake. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Utaratibu wa Madai kinakinga sufuria, kitanda, matandiko na vifaa vya kazi, lakini televisheni haimo.

Dawa yake ni kuomba hukumu ifutwe. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba hukumu iliyopatikana bila samansi kufikishwa sawasawa hufutwa kwa kuwa hiyo ni haki ya mdaiwa, hata kama hana utetezi wa kuonyesha, ilhali samansi ikiwa ilifika, mahakama hupima sababu ya kutojitokeza na uzito wa utetezi wake. Tangu shauri la Shah dhidi ya Mbogo la 1967, anayekwepa makusudi ili kuichelewesha haki hahurumiwi, na wakwepaji wapo. Jirani anayemwambia mgeni mwenye faili kwamba mtu huyo alihama, hali yumo ndani anapika, hajioni mwongo bali mlinzi wa mwenzake, na si rahisi kumlaumu mahali ambapo mgeni mwenye faili mara chache huleta heri.

Katikati ya pande hizi husimama wakili wa mdai. Kuapa uongo katika shauri ni kosa ambalo Kanuni ya Adhabu inalipangia kifungo cha hadi miaka 7, na siri kati ya wakili na mteja, inayolindwa na kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi, haifuniki mazungumzo ya kuendeleza uhalifu. Ila wakili hupokea kiapo kilichokamilika, chenye muhuri, naye hana wajibu ulio wazi wa kwenda kulitafuta geti la bluu. Mengi ya maovu haya hukaa katika swali ambalo hakuliuliza, na hapo sheria ina mkono mfupi. Ni mahakama iliyopewa uwezo wa kumwita mpeleka samansi ahojiwe juu ya kiapo chake.

Marekebisho ya Februari 2020 yaliruhusu samansi kutumwa kwa baruapepe na kwa programu za ujumbe wa simu kama WhatsApp, ikihesabika kuwa imefika mtumaji akipata ishara ya kupokelewa. Kwa njia hizo geti la bluu halitafutwi tena. Hata hivyo alama mbili za WhatsApp kwenye kioo huthibitisha kwamba simu imepokea ujumbe, wala hazisemi simu hiyo ilikuwa mikononi mwa nani.