Taarifa zako zimevuja? Dai fidia, usingoje samahani

Wengi wetu wa Pwani twaijua Longonot kwa mlima wake tu. Mimi nina mpwa wangu anafanya kazi huko kwenye shamba la maua, na juma lililopita alinipigia simu amekasirika. Mtu asiyemjua alimpigia akamtajia jina lake kamili na nambari ya kitambulisho, akamwambia alipe deni la mkopo. Naye hajakopa. "Mjomba, hizi habari zangu wamezipata wapi? Na nimshtaki nani?"

Swali la kwanza ndilo linalotushughulisha wengi. Tunapiga kelele kwenye mtandao siku mbili, kisha kimya. Leo nataka tulitazame la pili.

Visa si vigeni. Aprili 2023 maduka ya Naivas, ambayo asili yake ni kaunti hiyo hiyo ya Nakuru na jina latoka Naivasha, yalitangaza kwamba yameshambuliwa na wahalifu wa mtandao. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ikasema imearifiwa na inachunguza. Mwanzoni mwa 2025 ikawa zamu ya serikali yenyewe, pale sajili ya kampuni ilipodukuliwa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema hivi: data ikivuja na kukawa na hatari ya kukudhuru, aliyekuwa akiitunza ana saa 72 tangu agundue kumwarifu Kamishna. Wewe mwenye data nawe uarifiwe kwa maandishi, uambiwe kilichotokea na ufanye nini ujilinde. Arifa hiyo ihifadhi. Wengi huifuta kama matangazo ya bahati nasibu, na kumbe ndiyo ushahidi wako wa kwanza.

Sasa kuna jambo ambalo hata wasomi wetu hulichanganya. Faini si fidia. Septemba 2023 Kamishna alizitoza faini taasisi tatu, ikiwemo Mulla Pride, kampuni ya mikopo ya simu, iliyotakiwa kulipa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu ilizozipata kwa wengine na kuwatumia ujumbe wa vitisho. Pesa za faini huenda serikalini. Aliyetishwa hapati hata senti kwa faini ile. Chako wewe kiko kifungu cha 65: aliyedhurika ana haki ya kulipwa, na dhara si pesa zilizopotea tu. Hata dhiki ya moyo imetajwa humo. Lakini ni lazima uiombe. Ukiandika malalamiko yako, sema wazi kwamba wataka fidia na ueleze umeumia vipi.

Malalamiko hayahitaji wakili wala ada. Unaweza kuyatoa kwa mdomo na ofisi ikayaandika, na sheria inaipa siku 90 kuyamaliza. Pande mbili zikitaka zaweza kupatanishwa. Usiporidhika na uamuzi, kuna Mahakama Kuu, ambako pia faragha yako inalindwa na Kifungu cha 31 cha Katiba. Ila mahakamani, jamani, jiandae kwa gharama na miaka.

Ugumu ni huu: mshtakiwa akithibitisha kwamba hakuhusika kwa vyovyote na tukio, anaponyoka. Nambari ya kitambulisho tumeiacha kwenye daftari la askari wa geti, kwa wakala wa pesa, hospitali, kila mahali. Utajuaje ni nani aliyeivujisha?

Kwa hivyo nilimwambia mpwa wangu asianze na aliyevujisha. Aanze na anayezitumia. Kama aliyempigia ni kampuni ya mikopo kweli, amwandikie: mna data gani yangu, na mmeipata wapi? Sheria inampa haki ya kuuliza, na wakikataa, kukataa kwenyewe kunaingia kwenye malalamiko. Kama ni tapeli, hilo ni la polisi, chini ya sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018.

Kabla ya yote abonyeze *106# aone kama kuna laini nyingine iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kisha aombe ripoti yake kwa shirika la taarifa za mikopo, ambayo kisheria ni bure mara moja kwa mwaka, ajue kama deni hilo lipo kwa jina lake. Picha za ujumbe, tarehe na saa za simu, vyote aviweke pamoja.

Yeye ana ofisi ya Kamishna mjini Nakuru, na sisi tunayo hapa Mombasa. Barua yake ya kwanza ameituma Jumatatu. Wakijibu, nitawaeleza walivyosema.