Neno 'rizz' na ndimi za vijana wetu

Mzazi akimsikia mwanawe akimsifu mwenzake kuwa ana 'rizz', huenda akadhani ni jina la mchezo. Neno hilo la mitaani la Kiingereza, linalodhaniwa kukatwa katikati ya 'charisma', yaani haiba, lina maana ya ustadi wa kumvuta mtu kimapenzi. Hutumika pia kama kitenzi: kumtongoza mtu kwa maneno matamu. Lilipata umaarufu mwaka 2022 kupitia Kai Cenat, kijana wa Marekani anayerusha vipindi mubashara mtandaoni; na mwaka 2023 wachapishaji wa kamusi za Oxford wakalichagua kuwa neno la mwaka.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Lugha yetu ina 'ubembe', na vijana wa mjini husema 'kumwaga sera'. Lakini mtongozaji kwetu hutiliwa shaka, ilhali mwenye 'rizz' husifiwa bila kuulizwa nia yake.

Uislamu huiuliza nia hiyo. Katika Suratul-Baqara, aya ya 235, mwanamume ameruhusiwa kumdokezea posa mwanamke aliye katika eda ya kufiwa na mumewe, lakini amekatazwa kuahidiana naye kwa siri, ila aseme maneno ya wema. Kupendezwa, basi, hakukulaumiwa. Zimekatazwa ahadi za mafichoni.

Kwa hiyo tusiwafokee watoto wetu kwa kulitamka neno hili. Tuwaulize kwa upole: maneno unayomwandikia binti wa watu, ungeyasema mbele ya walii wake?