Je, Wajua? Kwa Nini Jezi Iliyofuliwa Bado Hunuka

Umeifua jezi, imekauka, inanukia sabuni. Unakimbia kidogo tu, kwapa linapata joto, na kikwapa cha jana kinarudi. Si uvivu wako. Poliesta ya jezi hainywi maji kama pamba, lakini hung'ang'ania mafuta ya mwili, na bakteria hujilia humo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichunguza fulana za watu 26 waliotoka kupiga baiskeli za mazoezi. Bakteria wa jamii ya Micrococcus walistawi kwenye poliesta, si kwenye pamba.

Basi igeuze jezi ndani nje kabla ya kuifua, maana uchafu uko upande wa ngozi. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Povu lisilosuuzika hubaki ndani ya nyuzi. Achana kabisa na dawa ya kulainisha nguo: huacha utando unaozuia kitambaa kusambaza jasho. Bukta ya kubana usiitie jiki wala pasi, mpira wake utalegea. Ianike kivulini penye upepo. Na tafadhali, usiiache mbichi kwenye begi hadi jioni.