KITI CHA MTOTO KATIKA MOTOKAA

Wanafunzi wenzangu, wakati wa likizo wengi wetu tuliozoea kubeba madaftari hubebeshwa watoto. Dada atakuambia, "Hebu mfunge mtoto kitini, nakuja sasa hivi," naye arudi ndani kutafuta kitu alichosahau. Kazi hiyo yaonekana ndogo. Lakini likizo iliyopita mimi niliifanya vibaya, na kosa langu ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Nilikuwa nimeuza kuku wangu wawili, na kwa fedha ile nikamnunulia mtoto wa dada yangu, mwenye miaka mitatu, mto laini wa kutandika katika kiti chake cha motokaa. Niliutandika mwenyewe, nikamkalisha mtoto juu yake, nikamfunga mikanda. Njiani ng'ombe walivuka barabara ghafula, na shemeji akakanyaga breki kwa nguvu. Hatukugonga kitu, wala mtoto hakuumia. Lakini nilipomgeukia, niliona bega lake moja limechomoka katika mkanda, naye amelala upande. Kiti kilikuwa kizima, na mikanda ilikuwa mizima. Kilichoharibu kazi ni zawadi yangu.

Tulipofika nyumbani nilikiomba kijitabu kilichouzwa pamoja na kiti. Kilikuwa bado ndani ya mfuko wake wa nailoni, hakijasomwa na mtu. Humo ilielezwa wazi kwamba kisiwekwe kitu chochote kati ya mtoto na kiti, wala kati ya mtoto na mikanda, isipokuwa kile kilichotoka kiwandani pamoja na kiti hicho.

Sababu yake twaijua sote tuliosoma fizikia. Kitu kinachokwenda huendelea kwenda mpaka nguvu ikizuie. Motokaa inayokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Ikigonga kitu, yenyewe husimama, lakini waliomo ndani wangali wanakwenda kwa mwendo uleule. Kumsimamisha mtoto wa kilo 10 kwa muda wa sehemu moja ya kumi ya sekunde kwataka nguvu ya nyutoni 1,400 hivi, sawasawa na kushika mzigo wa kilo 140, yaani karibu gunia moja na nusu la mahindi. Ndiyo maana mama hawezi kumzuia mtoto aliyempakata, hata ampende namna gani.

Mkanda uliobana humfanya mtoto aanze kusimama pamoja na motokaa. Mkanda uliolegea humwacha aende mbele kwanza, kisha humkamata ghafula. Na muda wa kusimama ukipungua, nguvu huzidi. Basi mto laini hutudanganya. Ukivuta mkanda waona umebana, kumbe umebana mto. Wakati wa kishindo mto hubonyea, na palipokuwa na mto sasa pana nafasi tupu.

Mkanda wa motokaa tunaoutumia leo, unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959. Mwaka 1964, huko huko Uswidi, Bertil Aldman alijaribu kiti cha mtoto kinachotazama nyuma. Wazo lake alilipata kwa wanaanga wa Marekani wa chombo cha Gemini, waliolala chali ili mgongo wote upokee nguvu. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito na shingo yake ni changa, kwa hiyo akitazama nyuma, kiti chote humpokea. Kanuni nambari 129 ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza kutumika mwaka 2013, yataka mtoto atazame nyuma mpaka apite miezi 15. Viti hivi hujaribiwa kwa kufunga mwanasesere mwenye uzito wa mtoto na kumsimamisha kwa ghafula. Mto wangu wa sokoni haukuwamo katika jaribio hilo.

Sasa nitaeleza jinsi ya kufunga.

Kwanza, weka kiti nyuma ya dereva au upande wake, katika viti vya nyuma. Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa sababu mfuko huo hufumka kwa kishindo na kukipiga kiti pale pale penye kichwa cha mtoto.

Pili, tumia njia moja: ama mkanda wa motokaa, ama vile vyuma viwili vinavyoitwa ISOFIX, ambavyo katika motokaa nyingi za siku hizi vimo katika mfereji kati ya kikalio na kiegemeo. Usichanganye njia zote mbili ila kijitabu kikiruhusu. Mkanda uupitishe katika njia yake iliyotiwa alama. Katika viti vingi buluu ni ya kutazama nyuma, na nyekundu ni ya kutazama mbele.

Tatu, kikandamize kiti kwa uzito wako huku ukiuvuta mkanda mpaka usilegee. Kisha kishike pale mkanda unapopita, ukitikise. Kisicheze zaidi ya sentimita 2.5. Kikicheza, usikimbilie dukani kununua kifaa cha kukazia mkanda. Fungua, ufunge upya, au ujaribu nafasi nyingine ya nyuma. Ikishindikana kabisa, kiti hicho hakipatani na motokaa hiyo.

Nne, kiti kinachotazama mbele mara nyingi huwa na mkanda wa juu. Ufunge kwenye kishikio kilichowekwa na watengenezaji wa motokaa kwa kazi hiyo, si kwenye chuma chochote cha kufungia mizigo.

Tano, mfunge mtoto mwenyewe. Akitazama nyuma, mikanda itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo. Akitazama mbele, itokee usawa wa mabega au juu yake kidogo. Ikaze, kisha jaribu kuufinya mkanda begani kwa vidole viwili. Ukiweza kupata mkunjo, bado umelegea.

Ukimaliza hayo, umemaliza. Mito ya ziada, vifuniko vya mikanda na magodoro ya kuweka chini ya kiti hupendeza macho, lakini visivyokubaliwa na waliotengeneza kiti viachwe. Hata taulo la kuinua kiti liwekwe tu ikiwa kijitabu chasema hivyo. Kadhalika koti zito hufanya kazi ile ile mbaya ya mto. Ninyi mnaotoka Njombe na Makete, asubuhi ya baridi mvueni mtoto koti, mfungeni, kisha mfunikeni kwa blanketi au khanga juu ya mikanda.

Siku ya pili niliutoa ule mto, nikamfunga mtoto upya mbele ya dada. Mikanda ilinibidi kuikaza zaidi ya upana wa vidole vinne. Dada aliitazama ile nafasi, asiseme neno. Mto sasa uko kwa bibi, katika kiti chake cha barazani, naye ausifu sana. Nanyi likizo hii mkiambiwa, "Mfunge mtoto," ombeni kwanza kijitabu.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV