Kipi Kisogee, Kipi Kitulie

Mbunifu wa uhuishaji akipewa tukio la kivuko kinachoingia gati la Nansio, kisiwani Ukerewe, kinachomsumbua kwanza ni ziwa. Chombo ni umbo gumu: huchorwa mara moja, kisha kikasogezwa. Maji hubadilika umbo kila mahali kwa wakati mmoja. Kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde, yaani picha tuli 25 zinazofuatana hadi jicho lione mwendo, tukio la sekunde 20 linadai picha 500. Kulichora ziwa mara 500 kunawezekana. Kupata wa kulipia ndiyo shida.

Dawa ya kawaida ni vipande. Mhusika hugawanywa kichwa, mikono na miguu, vikaunganishwa kwenye maungio. Mbunifu hupanga mikao mikuu ya tendo, na kompyuta hujaza ya katikati. Ikiachiwa yenyewe, aghalabu hujaza kwa kasi moja mwanzo hadi mwisho, ilhali chombo kizito huchukua muda kuondoka na muda kusimama. Kivuko kikisimama ghafla kama droo iliyosukumwa, mtoto wa Ukerewe atajua kwamba mchoraji hajawahi kukipanda.

Vipande vina faida nyingine. Ubongo, asasi ya Dar es Salaam ambayo kipindi chake cha Ubongo Kids kilianza kurushwa mwaka 2014, hutoa katuni za watoto kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine. Katika kazi ya namna hiyo, mdomo ukiwa kipande cha peke yake hubadilishwa kufuata sauti mpya bila kugusa mwili. Kiswahili humrahisishia mhuishaji kazi: silabi zake nyingi huishia kwa irabu, hivyo midomo mitano ya irabu, mmoja uliofumbwa kwa m, b na p, na mmoja wa f na v, hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo.

Kisha kuna safari ya kumfikia mtazamaji. Video inapobanwa ili ipite kwenye simu, picha moja huhifadhiwa kamili, na zinazofuata huhifadhiwa kama tofauti tu. Mandhari iliyotulia haigharimu karibu chochote. Mawimbi yanayochezacheza kila upande hula bando au huvunjika kuwa viraka. Kwa hiyo ziwa lenye mistari miwili mitatu inayojirudia hupunguza kazi ya mchoraji na gharama ya mtazamaji kwa pamoja.

Tena utulivu huo huliongoza jicho. Jicho hukimbilia kinachosogea. Vyote vikisogea, halina pa kushika. Nembo inayozunguka kwa sekunde kumi humfurahisha zaidi mwenye nembo. Kipimo ni chepesi: simamisha kitu kimoja, utazame upya. Maana isipopungua, mwendo ule ulikuwa gharama tu.