Kutembelea maziwa ya milima yetu: mambo ambayo familia na viongozi wanapaswa kujua

Katika ukurasa huu tunazungumza juu ya maziwa ya Kivu ya Kaskazini: Ziwa Kivu, Ziwa la Kijani (Lac Vert) karibu na Mugunga, na maziwa ya Mokoto katika teritware ya Masisi.

Pengine mtu atauliza: mwenye kulala chini ya turubai ana haja gani ya habari za kutembelea maziwa? Haja ipo. Wengi wetu tulizaliwa karibu na maji hayo, na watoto waliozaliwa katika uhamisho hawajayaona. Tena, ziara ya kwenda kuona mahali tulipotoka mara nyingi inapita kando ya ziwa. Ziara ikipangwa vizuri inaweza kuwa mwanzo wa mazungumzo kati ya majirani waliotengana. Ikipangwa vibaya inaleta hofu, na mara nyingine inaleta kifo.

Maziwa haya yalitoka wapi?

Milima yetu ni ya moto. Zamani sana, maji ya eneo la Ziwa Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward na mto Nili. Volkano za Virunga zilipoinuka na kumwaga lava, zilifunga bonde kama ukuta. Maji yakajaa, yakatafuta njia nyingine, yakatoka kusini kwa mto Ruzizi kuelekea Ziwa Tanganyika. Ndiyo sababu leo Ziwa Kivu liko juu sana, karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinapita mita 470.

Maziwa ya Mokoto yalizaliwa kwa namna inayofanana na hiyo: lava ilifunga mabonde, maji yakabaki kati ya vilima. Ni maziwa manne. Ziwa la Kijani ni la aina nyingine. Ni shimo la volkano ndogo ya zamani lililojaa maji, nalo limeitwa hivyo kwa sababu ya rangi yake.

Kazi hiyo ya moto haijaisha. Kati ya 1938 na 1940 lava ya Nyamulagira ilifika Ziwa Kivu upande wa Sake. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka tena, na siku chache baadaye wakaaji wengi wa Goma walikimbilia Sake, Minova, Rutshuru na hata Rwanda. Siku zile waliokuwa wakipokea wahamishwaji waligeuka wahamishwaji wenyewe. Tusisahau jambo hilo tunapoongea juu ya "wenyeji" na "wageni".

Hatari ya kwanza: mazuku

Wazee wetu waliita mazuku ule upepo mbaya unaoua bila kelele. Wataalamu wanaeleza kwamba ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini kupitia nyufa za mawe ya volkano. Haina rangi, na mara nyingi haina harufu ya kukuonya. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inashuka na kukaa katika mashimo na mabondeni, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati upepo umetulia. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupumua vizuri, huku mtoto aliye kando yake, au mtu aliyeinama kuchota maji, anaanguka.

Mazuku yako mengi kati ya Goma na Sake, hata karibu na Ziwa la Kijani, Mugunga na Bulengo. Ndipo mahali ambapo familia nyingi za wahamishwaji zilipanga vibanda vyao kwa miaka mingi. Basi tukumbuke mambo haya:

- Ukiona wadudu, ndege au mbuzi wamekufa katika shimo bila jeraha, usishuke.
- Usitume watoto mabondeni alfajiri kutafuta kuni au maji kabla ya kuuliza wakaaji wa pale.
- Ukiona alama ya hatari, usiing'oe. Bila alama hiyo, mtu atakayekuja kesho hatajua.
- Mtu akianguka ndani, usimfuate mbio. Wengi wamekufa kwa kutaka kuokoa ndugu. Ita watu, tumieni kamba au mti mrefu mkiwa juu, na mumvute mahali penye upepo.

Chini kabisa ya Ziwa Kivu kuna gesi hiyo hiyo kwa wingi, pamoja na metani. Watu wanakumbuka Ziwa Nyos huko Kameruni, ambako mwaka 1986 gesi ilitoka ziwani na kuua watu karibu 1,700. Ziwa Kivu linaangaliwa na wataalamu, na kuoga au kuvua hakuamshi gesi iliyo chini sana. Metani yake imekuwa faida pia: upande wa Rwanda inatoa umeme. Hatari ya kila siku kwa mtembezi ni mazuku ya nchi kavu.

Hatari ya pili: maji yenyewe

Barabara zinapofungwa na vita, watu wanapanda boti. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imejaa watu kupita kiasi. Wengi walikufa mbele ya macho ya waliowangoja. Kiongozi anayepeleka kikundi ahesabu watu, adai jile ya kuokolea kwa kila mmoja, na akatae boti iliyojaa hata kama nauli imekwisha kulipwa.

Maji ya kunywa nayo yana hatari yake. Mwaka 1994 kolera iliua makumi ya maelfu ya wakimbizi karibu na Goma kwa muda mfupi, na mpaka leo ugonjwa huo unarudi mara kwa mara. Maji ya ziwa ni safi kwa macho tu. Tuyachemshe au tuyatie dawa, na tusijisaidie ufukoni.

Ziwa ni la nani?

Hapa ndipo penye kazi ya amani. Shamba lina mpaka, ziwa halina. Mvuvi wa sambaza, mfugaji anayenywesha ng'ombe, mama anayefua nguo na mkulima wa maharagwe kilimani wote wanatumia maji yale yale. Mkulima akikata miti yote mlimani, udongo unashuka na kuchafua maji ya mvuvi. Ng'ombe wakipita kati ya mashamba kwenda majini, ugomvi unazaliwa. Mara nyingi tunasema ni vita ya makabila, na kumbe mwanzo wake ulikuwa njia ya ng'ombe ambayo hakuna aliyekaa kuipanga.

Kwa hiyo mtu anayefika ziwani baada ya miaka ya uhamisho anaangaliwa kwa macho mengi. Mmoja anafurahi: "Jirani amerudi." Mwingine anaogopa: "Amekuja kuninyang'anya shamba ninalolima." Wa tatu anauliza nani amemtuma. Ndiyo maana tunashauri ziara isifanywe kwa siri wala kwa kishindo. Shefu wa kijiji ajulishwe mbele, wazee wa pande zote wajue, na kikundi kichanganye watu wa jamii mbalimbali, wanaume kwa wanawake, pamoja na vijana. Watu wakila samaki pamoja kando ya maji kabla ya kuongea juu ya mashamba, wanaongea kwa sauti ya chini.

Tukumbuke pia kwamba maziwa yetu yamebeba huzuni. Kando ya maziwa ya Mokoto kuna monasteri ya Watrapisti. Mwezi Mei 1996 watu waliokuwa wamekimbilia huko walishambuliwa, na wengi wakauawa. Anayekwenda Mokoto kwa sababu ya uzuri wa vilima ajue kwamba anakanyaga mahali pa maombolezo. Asipige picha ovyo, asiulize watu habari za vita wasipotaka kuzisema wenyewe. Upatanisho hauombi mtu asahau. Unaomba tuweze kukaa pamoja bila kuuana tena.

Ziara ya kwenda kuona si kurudi

Viongozi, tafadhali mshike neno hili. Familia inapotuma watu wawili au watatu kutazama kijiji, inatafuta habari: je, kuna usalama, kisima kinafanya kazi, shule imefunguliwa, nyumba imesimama, ni nani analima shamba? Hao wakirudi, wanaeleza, na kila familia inaamua. Ziara isitumiwe kusema, "Mmeona, basi ondokeni kesho."

Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa juu ya wahamishwaji wa ndani, za mwaka 1998, zinasema wazi kwamba kurudi kuwe kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima, na kwamba wahamishwaji washiriki kikamilifu katika kupanga. Kanuni hizo zinatambua pia haki ya kuchagua kukaa sehemu nyingine ya nchi. Mwezi Februari 2025 watu wa kambi kubwa zilizozunguka Goma walitakiwa kuondoka kwa siku chache tu, na wengi walirudi bila kujua wanakuta nini. Hayo yanatufundisha kwa nini habari za kweli zinapaswa kutangulia miguu.

Kabla ya kuondoka, kikundi kifanye hivi:

- Kiulize habari za njia kwa watu waliopita wiki ile ile, si kwa uvumi.
- Kisafiri mchana, na kiache majina na saa ya kurudi kwa mtu anayebaki.
- Kifuate vijia vinavyokanyagwa na watu. Chuma usichokijua usikiguse, na watoto waambiwe hivyo kabla ya kufika.
- Kisiingie katika Hifadhi ya Virunga bila ruhusa.
- Kikirudi, kiseme yote kiliyoyaona, mazuri na mabaya, mbele ya familia zote.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, nani walitumia ziwa au mto, na ugomvi ulianzia wapi?
2. Watoto wetu wanajua alama za mazuku? Nani atawafundisha wiki hii?
3. Tukituma watu kwenda kuona, wanawake watakuwa wangapi, na ni jamii zipi zitakuwa ndani?
4. Tukikuta mtu analima shamba letu, tutaongea naye mbele ya nani?

Tunawaomba msome ukurasa huu kwa sauti kwa wale wasiojua kusoma, na baadaye mwupitishe kwa jirani. Tunawatakia amani na safari njema.